Barua, Wimbo na Bunduki: Deni la Askari Mkongwe katika Nyimbo za Jana na Leo

1. Utangulizi

Wahenga walinena: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayezungumzia taabu asiyoionja. Katika historia ya majeshi ya Afrika ya Mashariki na ya Kati, anayefaa kuitamka kuliko wengine wote ni askari mkongwe. Alipokuwa na bunduki begani aliitwa shujaa. Alipoirudisha ghalani, akawa mzee wa kijiji asiye na cheti, asiye na pensheni, na mara nyingi asiye na msikilizaji.

Makala haya yanachunguza jinsi malalamiko ya mzee huyo yalivyoingia katika wimbo. Hoja yake ni kwamba askari aliyetumikishwa kisha akasahauliwa amekuwa na njia tatu za kudai haki yake. Njia ya kwanza ni barua, ambayo mwenye mamlaka huisoma akitaka. Ya tatu ni bunduki, ambayo husikiwa na wote, lakini humwua asiyehusika kabla ya kumfikia mdaiwa. Kati ya hizo mbili upo wimbo. Wimbo hauna nguvu ya sheria wala ya risasi, lakini huliweka deni mdomoni mwa umma hata likawa gumu kukanwa. Mifano mitatu itatolewa: ngoma ya beni ya pwani ya Afrika ya Mashariki, wimbo "Ancien combattant" wa Zao wa Brazzaville (1984), na wimbo wa hevi metali wa Wamarekani uitwao "Wrong Side of Heaven" (2013). Mwishoni itaelezwa mifano hiyo inaufundisha nini mkoa wa Ituri, ambako njia ya tatu imekwisha kujulikana kupita kiasi.

2. Askari aliyedaiwa cheti

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia (1914–1918) vilipofika Afrika ya Mashariki, vilipiganwa kwa sehemu kubwa na Waafrika kwa niaba ya wafalme wasiowajua. Jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, lilivuka mpaka chini ya Jenerali Charles Tombeur na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Ushindi huo ulibebwa vichwani na mabegani: yakadiriwa kwamba Wakongo wapatao 260,000 walitumikishwa kama wapagazi. Upande wa Waingereza mambo yalikuwa yale yale. Jina la Kariakoo, mtaa mashuhuri wa Dar es Salaam, limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Mtaa umebaki na jina la wapagazi, ilhali wengi wa wapagazi wenyewe hawakuachiwa jina popote.

Watawala hawakukosa kabisa shukrani, ila shukrani yao ilipenda shaba kuliko shilingi. Mwaka 1927 ilisimamishwa mjini Dar es Salaam sanamu ya askari aliyeshika bunduki yenye singe, pamoja na maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza; yale ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Sanamu ina faida moja kwa mtawala: haizeeki, haiugui, wala haiji ofisini kuuliza mshahara wake.

Upande wa Wajerumani kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi, ambacho Charles Miller alikiandika katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya vita hivyo. Mwaka 1964, mwaka ule ule alipofariki Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wake Waafrika waliokuwa bado hai. Wazee wapatao 350 wakakusanyika Mwanza. Ni wachache tu waliokuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walikuja na vipande vya sare zilizochakaa, au mikono mitupu. Ndipo mtu wa benki aliyeleta fedha akapata wazo. Kila mzee alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani kuushika kama bunduki na kufuata amri za gwaride. Hakushindwa hata mmoja.

Wasimulizi wengi hukisimulia kisa hiki kwa kicheko. Hata hivyo, kina uchungu ndani yake. Kwa miaka 46 karatasi zilipotea, serikali zikaanguka, mipaka ikapewa majina mapya. Kilichohifadhi ushahidi wa deni ni miili ya wazee wenyewe. Mtu aliyeumia kwa ajili ya dola alilazimika kucheza gwaride kwa ufagio ili aaminiwe kwamba aliumia.

3. Beni: askari anajiimbia

Kabla msanii hajaimba juu ya askari, askari alijiimbia mwenyewe. Beni, jina lililotokana na neno la Kiingereza "band", ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya, hasa Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Wachezaji waliiga bendi za kijeshi: tarumbeta, ngoma kubwa, sare, mwendo wa gwaride, na vyeo kuanzia mfalme na jenerali hadi askari wa kawaida. Vyama vyake viwili vilivyovuma zaidi ni Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1975, alionyesha kwamba vita vya 1914–1918 ndivyo vilivyoieneza beni bara. Askari na wapagazi waliibeba walikokwenda, ikafika hadi migodi ya Katanga na Rhodesia ya Kaskazini, ambako iliitwa mbeni.

Mtazamaji wa juu juu aliona katika beni mwigo mtupu wa Wazungu. Ukweli ni kwamba nyuma ya tarumbeta palikuwa na chama cha kusaidiana. Mgeni alipokelewa mjini, mgonjwa alitazamwa, maiti alizikwa kwa heshima na michango ya wenzake. Kile ambacho dola haikumpa askari alipoachishwa kazi, yaani cheo, wenzi na mazishi ya kibinadamu, alikipata katika ngoma. Haishangazi kwamba baadhi ya watawala waliitilia shaka. Walitambua kwamba watu wanaoweza kujipanga kwa ajili ya kucheza wanaweza pia kujipanga kwa ajili ya kudai.

Lugha nayo ilishiriki katika kutunza kumbukumbu hii. Maneno kama ombasha na shaushi, yaliyokuwa majina ya vyeo katika jeshi la Wajerumani, yana asili ya Kituruki na yalikuja na askari kutoka Sudan. Yaliingia katika Kiswahili, yakabaki katika makamusi hata baada ya jeshi lenyewe kuvunjwa. Kamusi imemkumbuka ombasha kwa uaminifu kuliko hazina ya serikali.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika beni mwimbaji na mwenye shida ni mtu yule yule. Wimbo hauombi huruma ya mtu wa nje. Huwakusanya wenye shida, na katika kuwakusanya, huanza kuitibu shida.

4. Kutoka Saio hadi Zao

Vita Vikuu vya Pili viliugusa upande wa kaskazini-mashariki ya Kongo kwa karibu zaidi, kwa kuwa vikosi vya Force Publique vilisafiri kuelekea Juba, kisha vikaingia Ethiopia kupitia Sudan. Asosa ilitekwa tarehe 11 Machi 1941, Gambela tarehe 23 ya mwezi huo huo, na tarehe 3 Julai Jenerali Pietro Gazzera wa Italia alisalimu amri huko Saio mbele ya Auguste Gilliaert. Wakongo wengi waliolala huko hawakuuawa na risasi. Maradhi kama beriberi, ambayo hutokana na chakula kisichotosheleza mwili, yaliua pia. Wengine walipelekwa Nigeria na Mashariki ya Kati, na kikosi cha matabibu kilifika hadi Burma.

Waliorudi walikuta koloni ni lile lile. Tarehe 20 Februari 1944 askari wa kambi ya Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, waliasi. Uvumi kuhusu chanjo ulikuwa cheche tu. Kuni zilikwisha kukauka kwa uchovu wa vita na manung'uniko ya muda mrefu. Mwezi Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, Jenerali Émile Janssens aliwaandikia askari wake ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Jeshi likaasi, na nchi nzima ikalipa gharama. Hiyo ndiyo njia ya tatu: barua haikupokelewa, wimbo haukusikilizwa, bunduki ikasema.

Ng'ambo ya mto, katika koloni la Wafaransa, wakongwe walikuwa na kisa kinachofanana. Brazzaville ilikuwa makao makuu ya Ufaransa Huru mwaka 1940, na vijana wa Afrika ya Ikweta waliandikishwa kuikomboa nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Ni katika mji huo kwamba Casimir Zoba, mwalimu wa shule aliyezaliwa mwaka 1953 na kujulikana kwa jina la Zao, alitoa mwaka 1984 wimbo "Ancien combattant", yaani mpiganaji wa zamani. Wimbo huo una deni kwa wimbo wa awali wa Mmali Idrissa Soumaoro, lakini ni kwa sauti ya Zao kwamba ulienea katika Afrika yote isemayo Kifaransa.

Zao hakuimba juu ya mzee. Alivaa sauti yake. Anayezungumza katika wimbo ni mkongwe mwenyewe, akipiga hatua za gwaride na kujigamba kwa Kifaransa kilichovunjika cha kambini. Katika majigambo yake adui na rafiki wamechanganyika, mithili ya mtu aliyetumwa kupiga bila kuelezwa ni nani aliye upande wa nani. Kisha majigambo yanageuka. Mzee anaonya kwamba vita si kitu chema, na kwamba risasi ikishalia haichagui.

Kwa mwanaisimu, kiini cha wimbo kimo katika kitenzi kimoja. Kutokana na nomino ya Kifaransa yenye maana ya maiti, Zao aliunda kitenzi ambacho hakikuwamo katika kamusi, kana kwamba Mswahili angenyambua kutoka "maiti" na kusema "-maitika". Kitenzi hicho hurudiwa tena na tena, kila mara kwa kiima kipya: mpenzi, mlevi, kinywaji chenyewe, mkubwa wa nchi, na hatimaye mwimbaji mwenyewe. Msikilizaji hucheka kwa sababu ya kosa la sarufi, na kabla hajamaliza kucheka anajikuta yumo katika orodha. Kifaransa sanifu kina msamiati mwingi wa kufunika kifo cha vitani: kuanguka, kujitolea mhanga, kuifia nchi. Lugha iliyovunjika ya mkongwe haina pazia hilo. Mtu anageuka maiti, basi. Hapa methali ya kaburi inapata maana kamili, kwa kuwa anayesema ni yule aliyelala kando ya maiti na kuamka peke yake.

5. Je, sanaa yaweza kulipa deni?

Mwenye shaka anaweza kuuliza: wimbo ulimpa mzee nini, zaidi ya kuwachekesha vijana? Swali ni la haki, na jibu lake linatolewa na historia ya pensheni. Mwishoni mwa mwaka 1959 Ufaransa ilipitisha sheria iliyogandisha pensheni za askari kutoka makoloni yaliyokuwa yakielekea uhuru. Mfaransa aliyepigana katika handaki moja na Mwafrika aliongezewa malipo mwaka hata mwaka; Mwafrika alibaki palepale. Barua ziliandikwa kwa miaka mingi. Mwaka 2001 baraza kuu la mahakama za utawala la Ufaransa lilitamka kwamba huo ulikuwa ubaguzi, lakini usawa kamili haukuja. Mwaka 2006 ikatolewa filamu "Indigènes" ya Rachid Bouchareb, inayoonyesha askari wa Afrika ya Kaskazini waliopigana kuikomboa Ufaransa. Mwaka huo huo, baada ya filamu kuzua mjadala, serikali ya Rais Jacques Chirac ilitangaza kuzisawazisha pensheni za msingi za wapiganaji hao. Wengi wa waliostahili walikwisha kufariki.

Sanaa, basi, haikuunda haki. Haki ilikuwepo tayari katika maandishi ya wanasheria. Ilichofanya ni kumwondolea mdaiwa kisingizio cha kutojua. Tena, haikuanza mwaka 2006. Nyimbo kama ile ya Zao zilikuwa zimekwisha kuliweka jina la mkongwe masikioni mwa watu kwa zaidi ya miaka 20.

6. Kelele za gitaa huko Marekani

Isidhaniwe kuwa usahaulifu huu ni wa makoloni peke yake. Marekani, nchi tajiri yenye wizara nzima ya wapiganaji wa zamani, imeona askari waliotoka Vietnam, Iraki na Afghanistani wakilala barabarani. Hao walikuwa na vyeti. Kilichowashinda ni majeraha yasiyoonekana, yaani kiwewe cha vita kinachomfuata mtu nyumbani, kikimnyima usingizi, kazi na ndoa.

Mwaka 2013 kundi la Five Finger Death Punch, la Las Vegas, lilitoa wimbo "Wrong Side of Heaven", na mwezi Agosti 2014 likatoa video yake. Muziki wa kundi hilo ni hevi metali, tawi la roki lililokomaa Uingereza mnamo mwaka 1970 kwa bendi kama Black Sabbath, lenye magitaa yanayonguruma na ngoma zinazopigwa kwa kishindo. Wazazi wengi huuona kuwa ni kelele. Maneno ya wimbo huo hayamtaji askari waziwazi. Ni ungamo la mtu aliyegawanyika ndani ya nafsi yake. Video ndiyo iliyompa mtu huyo sura, kwa kumwonyesha aliyerudi kutoka vitani, akalala nje na kupitwa na watu kama jiwe la njiani. Pamoja na picha ziliwekwa takwimu za wasio na makazi na wenye kiwewe, na watazamaji wakaelekezwa kwenye mashirika yanayotoa msaada.

Mifano mitatu ikipangwa pamoja, mabadiliko yanaonekana. Katika beni, askari ni mwimbaji, msikilizaji na msaidizi kwa wakati mmoja. Katika wimbo wa Zao, msanii anamwazima mkongwe jukwaa, naye mkongwe anawaazima vijana hekima yake. Katika wimbo wa Wamarekani, askari amenyamaza kabisa. Anaonekana tu, na anayeombwa kutenda ni mtazamaji. Sauti imepanuka, vyombo vimeongezeka nguvu, lakini mwenye shida amesogezwa mbali na kipaza sauti. Hilo halipunguzi wema wa wimbo, ila linakumbusha ni kitu gani kilikuwa bora katika ngoma ya wapagazi maskini.

7. Ituri na njia ya tatu

Msomaji wa Bunia hahitaji kwenda mbali kutafuta maana ya mambo haya. Vita vilivyowaka Ituri kuanzia mwaka 1999 viliwaingiza vijana wengi, na watoto pia, katika makundi yenye silaha. Mwezi Juni 2003 jeshi la Umoja wa Ulaya liliingia Bunia katika operesheni iliyoitwa Artemis. Mwaka 2004 ukaanza mpango wa kuwapokonya silaha wapiganaji na kuwarudisha uraiani, na hadi katikati ya mwaka 2005 wapatao 15,000 walikuwa wameupitia. Tarehe 28 Februari 2020 serikali ilitia saini huko Gety mapatano na kundi la FRPI, ambamo yalizungumzwa masuala ya msamaha, vyeo na maisha ya uraiani. Utekelezaji wake ulikawia. Mwaka 2021 ukaundwa mpango mwingine wa kitaifa wa kupokonya silaha.

Ni lazima kutofautisha. Koplo wa Force Publique aliyepelekwa Saio kwa amri ya dola si sawa na kijana aliyeshika panga au bunduki dhidi ya jirani yake. Mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani mjini Kinshasa Koplo Albert Kunyuku, mkongwe wa vita vya 1940–1945 aliyekuwa na umri wa miaka 100. Hakuna anayedai kwamba mpiganaji wa kundi la Ituri avishwe nishani. Waliochomewa nyumba na kuuliwa ndugu zao wana haki ya kusikilizwa kwanza, na wimbo wowote utakaomwimba mpiganaji bila kumtaja aliyedhulumiwa utakuwa wimbo wa uongo.

Hata hivyo, Waswahili husema Mgala muue na haki umpe. Ahadi iliyotolewa kwa mtu ili aweke bunduki chini ni deni, hata kama mtu huyo hapendezi. Historia iliyoelezwa hapo juu, kutoka Luluabourg mwaka 1944 hadi siku za Julai 1960, inaonyesha kinachofuata pale deni la namna hiyo linapoachwa lioze. Aliyekosa masikio ya kusikiliza barua yake hutafuta masikio yatakayosikia risasi. Kati ya hayo mawili ipo nafasi ya wimbo, ya mchezo wa kuigiza, ya utenzi, na ya masimulizi ya wazee yaliyorekodiwa kwa uangalifu.

Hapa idara za Kiswahili zina kazi. Mwanafunzi anayekwenda kijijini kukusanya methali na vitendawili aweza pia kumwuliza bibi kizee ni nyimbo gani ziliimbwa mumewe aliporudi kutoka vitani, au asiporudi. Aweza kuandika Kiswahili cha mpiganaji wa zamani kama kilivyo, bila kukisahihisha, kwa kuwa Zao ametufundisha kwamba kosa la sarufi laweza kubeba ukweli ambao usanifu unauficha. Na aweza kumwuliza mjane wa mapigano ya jana maswali yale yale, kwa heshima ile ile.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba wimbo wa askari mkongwe si burudani ya pembeni katika historia. Beni iliwazika wafu ambao dola haikuwazika. Kitenzi cha Zao kilivua vita pazia lake. Gitaa la Las Vegas liliwataka wapita njia wamtazame aliyelala barabarani. Hakuna wimbo kati ya hiyo uliolipa deni lenyewe, kwa kuwa kulipa si kazi ya wimbo. Kazi yake ni kulihesabu deni kwa sauti, mbele za watu, mpaka mdaiwa aone haya.

Wazee wa Mwanza walishika mifagio wakakumbuka kila amri. Aliyetoa amri ndiye aliyesahau. Na dawa ya deni, kama ajuavyo kila mtoto wa Kiswahili, ni kulipa.